Walinzi Wanane wa Udongo

Niliingia sebuleni kumwita mwanangu aje kula, nikamkuta amejikunja kwenye kochi akicheza gemu. Kwenye televisheni kulikuwa na kilima cha majani, na kukizunguka kilima hicho walikuwa wamesimama watu wadogo wa udongo, macho yao matundu matupu, midomo wazi. Mtu mwenye upanga alikuwa anapita katikati yao akielekea kwenye mlango wa mawe. Nilisimama na mwiko mkononi. Nilikuwa sijawaona wale watu tangu utotoni.

"Hapo ni wapi?" nikamwuliza.

"Hii ni kaburi ya mfalme wa Japani, Mama. Ya kitambo sana. Unaingia, unatafuta silaha ya maana, unatoka."

"Na hawa wa udongo?"

"Hao ni wa kuvunja tu. Saa zingine wako na kitu ndani." Akabonyeza, mmoja akavunjika vipande, hakukuwa na kitu.

"Na wewe ni nani humo?"

Akacheka. "Mimi ndio mwizi. Lakini ni mwizi mzuri."

Nilimwambia chakula kimeiva, nikarudi jikoni, nikaketi kwenye stuli karibu na gesi. Ugali ulipoa. Mume wangu aliuliza kama naumwa nikasema kichwa. Niseme tu ukweli, nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa ameniambia kwa sentensi tatu kitu ambacho mimi na baba yangu hatukukielewa hata tulipokicheza miezi mingi.

Baba alikuwa fundi wa redio na televisheni, Makutano, katika kibanda kilichobanwa kati ya duka la misumari na bucha. Mami, mama yangu, alikaa Kanyakine kwenye shamba, na baba alirudi nyumbani kila Jumamosi jioni. Shule zikifungwa mimi nilikaa naye mjini siku kadhaa, tukilala chumba cha nyuma. Kibanda kilinukia risasi ya kulehemu iliyoyeyuka, vumbi lililoungua ndani ya redio, na nyama ya jirani. Mpaka leo nikisikia harufu ya waya ulioungua natafuta kofia yake kwa macho, ile ya kijivu aliyoivaa hata mvua isiponyesha.

Kuna mtu alileta mashine ya gemu iliyokataa kuwaka. Akasema atairudia Ijumaa. Baba akaitengeneza, na Ijumaa nyingi zikapita. Hangeweza kuiuza kwa sababu ilikuwa ya mtu, kwa hiyo tukaicheza. Ilikuja na kaseti moja tu, yenye maandishi ambayo baba alisema kuku wamepita juu yake. Hatukuwa na televisheni yetu. Tulicheza kwenye televisheni za wateja, na mwenyewe akitokea baba anasema, "Naipima tu, bado dakika mbili." Kwa sababu hiyo ulimwengu wa gemu ulibadilika rangi kila siku. Kwenye televisheni ya mwalimu mkuu mmoja wale watu wa udongo walikuwa kijani kama majani ya mgomba, na kwenye ile ya mwenye bucha kila kitu kilikuwa na kivuli chake upande wa kulia.

Kulikuwa na mwalimu Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hesabu katika shule ya sekondari huko juu. Siku moja alileta redio yake ndogo, akaona tunachocheza, akacheka mpaka akashika ukuta. Akasoma kaseti. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, kila moja amelisafisha kabla ya kulitoa. "Kaburi," akasema. "Mfalme. Zamani sana." Akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza: mviringo nyuma, mbele pembe nne. Baba akasema, "Hiyo ni tundu ya kufuli." Mjapani akakubali, ndiyo, kaburi lote lilikuwa kilima chenye umbo la tundu la kufuli. Halafu akatuonyesha watu wa udongo. "Hawa, linda." Akaeleza, kwa mikono zaidi kuliko mdomo, kwamba husimuliwa kuwa hapo zamani mfalme akizikwa, watu wake wa nyumbani walizikwa naye wakiwa hai. Kisha mtu mmoja akasema, tutie udongo mahali pa watu. "Watu hapana," akasema, akitikisa kichwa. "Udongo."

Baba alilipenda sana neno hilo. Kwa wiki nzima mteja akileta kifaa kilichooza kabisa, baba alinikonyeza, "Redio hapana. Udongo."

Tangu siku hiyo tukawa na hadithi yetu. Kwa kuwa hatukuweza kusoma maneno ya gemu, tulijitungia. Yule mtu wa upanga kwetu alikuwa jamaa wa marehemu aliyetoka mbali kuja kumwona. Watu wa udongo walipomkimbilia, baba alisema, "Wanamwuliza yeye ni wa mwiriga gani." Mwiriga ni ukoo, na kwetu Meru hilo ndilo swali la kwanza utakaloulizwa langoni. Tukipigwa na kufa, baba alisema wametukataa, tumekuja na roho mbaya. Mlango wa mwisho kabisa hatukuwahi kuufungua. Nilimwuliza ndani kuna nini. Akasema pengine mwenyewe amelala tu, na anayefika mpaka hapo bila kukataliwa anaruhusiwa kumwamsha.

Alikuwa anatania. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na baba hakuwahi kunidanganya kuhusu kitu chochote chenye waya.

Kikohozi kilianza kama cha vumbi. Akakonda, suruali ikafungwa kwa kamba. Hospitalini nilimwona mara moja tu, akaniuliza kama nimefika mlango wa mwisho. Nikasema bado. Akasema basi nisicheze peke yangu, nimngojee.

Alipofariki, ndipo shamba likaingia. Ardhi ya Kanyakine ilikuwa bado kwa jina la babu, ambaye alishafariki, na ilikuwa imegawanywa kwa mdomo tu kati ya baba na kaka yake mkubwa, Baba Mutuma. Kwetu, mtu akizikwa mahali, hapo ni pake na pa watoto wake. Hakuna karatasi inayosema kwa sauti kama kaburi. Baba Mutuma alitaka baba azikwe kule chini, karibu na mpaka, penye mawe. Mami akasubiri mpaka mhubiri na waombolezaji wote wakakaa, akasimama na kusema mume wake atalala pale juu, kando ya kahawa aliyoipanda mwenyewe. Mbele ya watu wote hao Baba Mutuma hangeweza kukataa. Alitabasamu, na mimi nikadhani amefurahi.

Wiki iliyofuata alikwenda Makutano na pikapu akakifagia kibanda. Redio, televisheni, meza, na ile mashine ya mtu wa Ijumaa, vyote vikaenda. Mami alibaki na boksi dogo la mbao alilolisukuma chini ya kitanda chake: bisibisi, koleo, mzingo wa waya wa shaba, na kofia ya kijivu.

Inabidi nieleze kuhusu Mami. Alikuwa Mmbeere, kutoka nyanda za chini za Embu, kwenye joto na mtama na mbuzi. Kimeru chake kiliwachekesha wanawake wa kisimani. Nyumbani kwetu tulisema Kiswahili, lugha ya kati, ili asiwepo wa kuchekwa. Baba Mutuma naye alimsemesha Kiswahili, lakini yeye kwa sababu nyingine: alimsemesha kama mtu wa kupita, anayeuliza njia. Na Mami alijua kufinyanga. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na kila nilipokwenda kule kwa nyanya niliwekewa donge la udongo mapajani, nikafundishwa kulikanda na mchanga lisije likapasuka.

Siku moja nilikuwa nyuma ya ghala nikisikiliza watu wazima, kazi niliyokuwa nayo siku hizo. Baba Mutuma alikuwa anamwambia mkewe, "Hiyo kaburi ni tuta tu. Tuta inalimwa."

Alisema kama anayezungumzia viazi. Nilimwona tayari na jembe juu ya baba, na baba amelala chini akingoja mtu aje kumwamsha, na hakuna hata mlinzi mmoja. Kosa letu lilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu. Tulimzika mtu bila walinzi.

Nilichukua udongo mtoni, ule mweusi wa chini, nikaubeba kwenye mkoba wa shule. Kwa wiki nzima, kila nikitoka darasani, nilikanda. Nilitengeneza wanane. Urefu wao ulikuwa kama chupa ya soda. Macho niliyatoboa kwa bisibisi ya baba. Wawili niliwavika mikanda, mmoja akawa farasi aliyefanana zaidi na mbwa mwenye njaa, na yule mkubwa nikampa kofia kama ya baba. Mikuki yao ilikuwa waya wa shaba kutoka kwenye lile boksi. Nikawakausha nyuma ya ghala, chini ya mabua ya mahindi. Mvua mwaka huo ilichelewa. Nimeifikiria sana mvua hiyo. Ingenyesha siku mbili mapema, wangerudi kuwa tope na hadithi hii isingekuwepo.

Jumamosi Mami alipoenda sokoni na ndizi, niliwapeleka. Nilileta pia udongo kwa karai, nikaongeza upande wa miguu wa kaburi, nikaupigapiga kwa kiganja mpaka likawa na umbo lake sawasawa, mviringo nyuma, pembe nne mbele. Nikawapanga kulizunguka, nyuso nje. Nikawaambia jina la mwiriga wetu ili wajue nani wa kumruhusu. Siku hiyo ndiyo ya kwanza tangu mazishi nilipokula nikashiba.

Mke wa Baba Mutuma aliwaona Jumapili alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Kelele alizopiga zilimleta hata jirani ambaye hatukuwa tukiongea naye. Watu walisimama mbali, kwenye mstari wa kahawa, na hapana aliyesogea. Ni lazima mtu aelewe hofu hiyo. Bibi na babu zetu hawakuwa wazikaji. Maiti ilipelekwa msituni, na aliyeigusa alitakaswa kabla hajala na wenzake. Makaburi yalikuja na kanisa. Wazee walizika kwa sababu ya kanisa, wakaimba, na wakishaondoka hapo hawarudi, hata majani hawapalilii. Sasa hapa palikuwa na kaburi lililobadilika umbo, limeota mkia, na watu wanane wenye mikuki wakiwatazama.

Nilikuwa katika mstari ule wa kahawa, nimeshika sketi ya Mami. Mara ya kwanza nilijisikia fahari. Walinzi walikuwa wanafanya kazi. Baba Mutuma mwenyewe alikuwa ameshindwa kusogea.

Jumatatu asubuhi wazee wa mwiriga walikaa uani kwetu, kwenye mabenchi yale yale ya mazishi. Watoto hatukwenda shule. Mami alikalishwa kwenye kigoda mbele yao, mikono mapajani.

"Mama Kagendo," Baba Mutuma akaanza, kwa Kiswahili chake cha njiani, "sisi hatulaumu mtu. Tunauliza tu. Hapa Kanyakine ni nani anajua kufinyanga?"

"Ni mimi."

"Na hizo waya ni za nani?"

"Ni za mume wangu. Nilikuwa nimeziweka kwa boksi."

Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza kama kwao Mbeere ndivyo wanavyofanyia wafu. "Kwetu tunafinyanga nyungu ya kupika," Mami akasema. Sauti yake haikupanda.

"Basi hizi zimetoka wapi?"

Mami akatazama mikono yake.

Mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote, mtu mpole aliyempenda baba, akainama mbele. Alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea, hata mimi mtoto niliuona. "Mama Kagendo, si ngumu. Apa tu mbele yetu na mbele ya Mungu, useme wewe hukuweka hivi vitu na humjui aliyeviweka. Ukisema hivyo, tunamaliza. Unabaki kwa boma yako."

Maneno machache tu. Nilimngoja ayaseme. Nilikuwa nimeegemea mlango wa jikoni, na kifua changu kilikuwa kimeanza kuelewa kile ambacho kichwa kilikuwa hakijaelewa. Nikafungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Mami akageuza uso akanitazama.

"Kagendo," akasema, "hakuna maji. Chukua mtungi uende mtoni."

Mtungi ulikuwa umejaa. Nilikuwa nimeuleta mwenyewe alfajiri. Niliinama nikauinua, nikaenda nao nyuma ya jikoni nikaumwaga wote kwenye migomba, nikashuka mtoni na mtungi mtupu. Nilishuka mbio. Sijawahi kutumwa mahali nikaenda kwa furaha ile.

Mtoni nilikaa muda mrefu. Nilijaza, nikamwaga, nikajaza. Nilijiambia Mami atakuwa ameshasema yale maneno, wazee wamekwenda. Niliporudi walikuwa bado wapo, wamesimama, na kondoo dume wetu wa pekee alikuwa tayari amefungwa miguu, wa kutakasa shamba. Mami alikuwa amekataa kuapa. Wakaamua arudi kwao kwa muda mpaka mambo yapoe. Mke wa Baba Mutuma alieleza kila mtu kwamba mtu safi haogopi kiapo, na mimi nilidhani amekataa kwa sababu ya kanisa, kwa kuwa mhubiri alikuwa akisema Mkristo haapi. Hata nilimkasirikia. Nilimwona mkaidi.

Tulibeba blanketi, sufuria, na lile boksi. Baba Mutuma alimpa Mami mkono wa kuagana, akamwambia asafiri salama.

Mambo hayakupoa, kwa sababu hayakuwa yamepangwa yapoe. Tulikaa kwa nyanya, kwenye joto, katika chumba cha udongo kilichokuwa cha mbuzi. Mami akafinyanga, akapanda ndengu, akazeeka haraka. Shuleni niliitwa Mmeru, kama vile yeye alivyoitwa Mmbeere kule. Jina la Kanyakine halikutajwa nyumbani. Wakati mwingine akikanda udongo aliinua macho akanitazama, ananitazama muda, mpaka nainuka natafuta kazi nje. Nilidhani ananiona nimefanana na baba.

Nilijiambia mengi miaka hiyo. Kwamba Baba Mutuma angetufukuza tu, kwa hili au kwa lile. Hata sasa naamini hivyo, na hainisaidii hata kidogo. Kwamba nilikuwa mtoto. Kwamba hakuna aliyeniuliza. Nilisoma, nikapata kazi ya ukarani Embu mjini, nikaolewa. Siku moja nilipelekwa Kanyakine na mazishi ya mtu mwingine, nikapanda mpaka pale juu. Tuta halipo. Majani ya ng'ombe yamefika kifuani, yamenona, ya kijani sana. Nilitafuta kwa mguu kama nitagusa hata kipande cha udongo mkavu, kijana wa Mutuma akaja kuniuliza natafuta nini. Hakunijua. Nikamwambia nimepotea njia.

Ndiyo maana mwanangu aliponiambia kwamba yule mtu wa upanga ni mwizi, nilikaa kwenye ile stuli mpaka chakula kikapoa. Mimi na baba tulikuwa upande wa mwizi siku zote. Wale wa udongo hawakuwa wanauliza mwiriga. Walikuwa wanatuambia tutoke. Sijui kwa nini jambo hilo la kijinga, la kitoto, ndilo lililofanya nisiweze tena kukaa na hili lingine.

Jumamosi nikaenda kwa Mami. Nilimkuta kwenye kivuli cha jikoni akichambua ndengu. Nikaketi kwenye mkeka, nikashika ungo wa pili, tukachambua. Nikamwuliza magoti, akasema yapo. Kisha nikasema, bila kuinua macho, kwamba ni mimi niliyewafinyanga wale watu wa kaburi la baba. Nikamweleza gemu, Mjapani, tuta linalolimwa, yote, kwa pupa, kama mtu anayetapika.

Mikono yake haikusimama. Alitupa jiwe, akatupa lingine.

"Najua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Tukisimama kwa kahawa. Yule mkubwa ulimpatia kofia ya baba yako. Na waya zilikuwa kwa boksi chini ya kitanda yangu. Nani mwingine angezitoa?"

Halafu nikamwuliza lile swali ambalo nilikuwa nimekwisha kulijibu kabla halijatoka mdomoni: kwa nini hakuapa tu.

"Niape simjui aliyeweka? Na nilikuwa namjua?" Sasa alinitazama. "Na ningesema ni wewe, ungekuwa nini? Mtoto wa miaka tisa anayechezea kaburi, na mama yake ni Mmbeere. Hawangesema ni mchezo. Wangesema nimekufundisha. Hiyo jina ingekufuata mpaka uzeeke. Mimi nilikuwa mkubwa, ningeibeba."

"Mami, nilikuwa nataka kusema. Ulinituma maji."

"Nilikutuma maji, Kagendo. Sikukutuma unyamaze."

Kuku alipita kati yetu, Mami akamfukuza kwa mguu. Aliendelea kuchambua, na alipozungumza tena sauti ilikuwa ya kawaida, ile ya kuzungumzia mvua.

"Mwaka wa kwanza nilingoja sana. Ukiingia kutoka shule nafikiria, leo ataniambia. Nilikuwa nimepanga na vile nitakujibu. Nilikuwa nikuambie walikuwa wazuri, hata yule mbwa."

"Alikuwa farasi."

"Hata yeye." Hakucheka. "Ukamaliza shule. Ukaolewa, ukazaa. Halafu nikawacha."

Nikamwuliza kama amenisamehe. Nilikuwa ninalia, mwanamke mzima wa miaka karibu arobaini, na ndengu zimeninata vidoleni.

"Kukusamehe nilikusamehe siku hiyo, ukishuka na mtungi. Sio hiyo. Ni kungoja ndio kulinichosha."

Nilitaka kufanya kitu, chochote, kwa mikono yangu. Nikainuka nikaenda pembeni ya mlango ulipokuwa mtungi wake, nikaushika shingoni. Ulikuwa mzito.

"Wacha hiyo," Mami akasema nyuma yangu. "Kaa. Maji iko."